Nyanda za juu: nini kinazibeba, na mtu hujuaje kama zilikuwapo zamani

*Swali: Mwalimu, nasoma kwamba uwanda wa Tibet uko mita 5,000 hivi juu ya bahari na bado ni tambarare, na Altiplano ya Bolivia nayo inakaribia mita 4,000. Mabamba ya dunia yakigongana si yanatoa milima yenye vilele? Huo utambarare unatoka wapi? Je, milima ya kale iliyokwisha kuliwa na mvua ilikuwa na nyanda kama hizo, na mtu anajuaje ilhali hazipo tena? Na sisi wa Nairobi, mita 1,700 na hakuna bamba linalotugonga, tuko kundi gani? — Msomaji, Donholm*

Ndugu msomaji, maswali ni matatu lakini yote yanaanzia pamoja. Kabla ya kuuliza ardhi iliinukaje, uliza ni kitu gani kinaishikilia huko juu mpaka leo. Kilima kimoja kama Lukenya, karibu na Athi River, kinaweza kubebwa na ugumu tu wa ganda la dunia. Uwanda wa kilomita za mraba milioni 2.5 kama Tibet hauwezi kubebwa hivyo. Hakuna mwamba wenye nguvu hizo. Ni lazima uelee juu ya koti la dunia, yaani ule mwamba mzito na wa moto ulio chini ya ganda. Na njia za kuuelesha ni mbili: ama ganda lenyewe liwe nene kupita kawaida, ama koti lililo chini yake liwe la moto zaidi na hivyo jepesi zaidi. Nyanda nyingi zina kidogo cha hiki na kidogo cha kile, ila karibu kila mara kimoja ndicho kinachobeba mzigo mkubwa.

Njia ya kwanza unaweza kuihesabu mwenyewe kwa penseli. Chukua densiti ya ganda kuwa tani 2.8 kwa kila mita ya ujazo, na ya koti tani 3.3. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, upate 0.85; toa kwenye 1, inabaki 0.15. Maana yake ni kwamba ukiongeza unene wa ganda kwa kilomita moja, uso wa ardhi unapanda mita 150 tu. Zile mita 850 nyingine zinazama kuwa mzizi. Sasa anza na ganda la kilomita 38 lililo usawa wa bahari. Ukitaka kufika mita 5,000 unahitaji kilomita 33 za ziada, jumla 71. Kwa mita 3,800 za Altiplano unahitaji 25, jumla 63. Vipimo vya mawimbi ya matetemeko vinaonyesha ganda la Tibet lina kilomita 65 hadi 75 sehemu kubwa, na la Altiplano 60 hadi 70. Hiyo kilomita 38 ni makadirio, na ukianza na 35 jibu litahama kwa kilomita tatu, si kwa thelathini. Kwa nyanda hizi mbili, basi, ganda nene ndilo linalobeba.

Unene wenyewe unatokana na kubanwa. India iliifikia Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita, ikija kwa mwendo wa karibu sentimita 15 kwa mwaka, na mpaka leo inasukuma kwa sentimita 4 hadi 5. Ganda la bara ni jepesi, halikubali kuzama kwenye koti kama la bahari linavyozama, kwa hiyo linakunjika, linapasuka na vipande vyake vinapandana. Ukanda uliokuwa na upana wa kilomita 1,000 ukibanwa hadi 535, unene wake unatoka 38 na kufika 71. India imesonga zaidi ya kilomita 2,000 tangu mgongano uanze, kwa hiyo malighafi ilikuwepo tele, na nyingine ilitoroka kwa pembeni kuelekea mashariki. Kwenye Andes hakuna bara lililogonga bara. Bamba la Nazca, ambalo ni sakafu ya bahari, linazama chini ya Amerika Kusini, na ukingo wa bara umefinywa kwa kilomita 300 hivi. Wengi wanadhani Andes zimejengwa na volkeno kwa sababu volkeno ndizo zinazoonekana. Ukikadiria magma yote iliyopanda, haifikii hata karibu na unene unaohitajika. Kazi kubwa ni ya mikunjo.

Sasa utambarare. Hapa ndipo vitabu vya shule hupita haraka mno, wakati sababu zake ni kadhaa na zinafanya kazi pamoja.

Ya kwanza ni kwamba kupanda kuna bei, na bei inaongezeka kila mita. Uwanda wa mita 3,800 wenye mzizi kamili unasukuma nje, kuelekea nchi tambarare inayouzunguka, kwa nguvu ya nyutoni trilioni 5 hivi kwa kila mita ya urefu wa ukingo wake. Kwa mita 5,000 nguvu hiyo inafika trilioni 7.5, na kwa mita 6,000 inavuka trilioni 9. Nguvu ambazo mabamba yanaweza kutoa ziko kwenye kiwango hicho hicho cha trilioni chache. Hufika mahali bamba linaposhindwa kulipa mita ya ziada, na kuanzia hapo inakuwa rahisi kukunja nchi mpya ya pembeni kuliko kuinua zaidi ile iliyokwisha inuka. Mlima unaacha kurefuka, unapanuka. Kilele cha juu kinabaki pale pale huku upana ukizidi, na jumla yake ni uwanda.

Ya pili ni joto, na kwangu hii ndiyo yenye uzito kuliko zote. Mwamba wa ganda una chembe za urani, thoriamu na potasiamu zinazotoa joto polepole. Ukilifanya ganda kuwa maradufu, umeongeza maradufu pia chanzo hicho cha joto, na wakati huo huo umelifunika. Joto husafiri kwenye mwamba kwa uvivu wa ajabu. Ganda la kilomita 70 linahitaji miaka milioni 15 hadi 20 hivi ndipo sehemu ya chini ipate sehemu kubwa ya joto lake. Likishafika nyuzi 700 au 800, madini ya mika yaliyomo yanaanza kuvunjika na mwamba unayeyuka kidogo. Kidogo tu kinatosha: mwamba ukiwa na asilimia 7 ya uji wa moto, nguvu zake zinaporomoka. Kuanzia hapo ganda la chini linafanya kama donge la unga wa chapati lililoachwa mezani: juu limekauka kidogo, ndani ni laini, na bila mtu kuligusa linalala na kutandaa. Palipo juu mno mwamba laini unakimbia chini kwa chini, palipo chini unajaa, na uso wa nchi unasawazika bila kusawazishwa kutoka juu.

Hilo la kuyeyuka si nadharia tupu. Miaka ya 1990 mradi wa kimataifa ulioitwa INDEPTH ulipitisha mawimbi ya milipuko kwenye ganda la kusini mwa Tibet, na yakarudi kwa nguvu isiyo ya kawaida kutoka kina cha kilomita 15 hadi 20, dalili ya majimaji au mwamba ulioyeyuka kiasi. Chini ya Altiplano na Puna, uwanda jirani ulioko Argentina, kuna tabaka kubwa la namna hiyo, nalo liko kwenye kina cha kilomita 20 hivi.

Tazama pia kingo za Tibet. Upande wa mashariki, panapoelekea Yunnan, uwanda unashuka kwa mteremko mpole wa mamia ya kilomita, kana kwamba kitu kimemiminika. Lakini panapokutana na bonde la Sichuan, ambalo ganda lake ni baridi na gumu, ukingo unasimama kama ukuta na kupanda zaidi ya mita 4,000 kwa umbali mfupi. Mwamba laini umegonga kizuizi, ukarundikana. Ukuta huo ndio Longmen Shan, ulikotokea tetemeko la Wenchuan la Mei 12, 2008, lenye ukubwa wa 7.9.

Ya tatu ni ukame. Uwanda ukishainuka, kingo zake zinaikamata mvua, na katikati panabaki pakavu. Mito ya ndani inakosa nguvu ya kukata njia hadi baharini, kwa hiyo inaishia kwenye maziwa na mabonde yaliyofungwa, na kokoto, mchanga na chumvi vyote vinabaki humo humo vikijaza mashimo. Ziwa Titicaca liko mita 3,812. Maji yake yanatoka kwa mto Desaguadero kuelekea kusini, na hakuna tone linalofika baharini. Kusini zaidi kuna Salar de Uyuni, uwanja wa chumvi wa kilomita za mraba zaidi ya 10,000 ulioko mita 3,656, ambao tofauti ya urefu kutoka ukingo hadi ukingo ni mita moja hivi tu. Penye mvua nyingi mambo ni kinyume: upande wa kusini wa Himalaya, unaopigwa na monsuni, umechanwa na makorongo ya kutisha, na hakuna utambarare wa kuzungumzia. Mgandamizo ni ule ule, mvua ndiyo tofauti.

Halafu huja uchovu. Ganda la chini likishuka kwenye kina cha kutosha, sehemu zake zenye chuma na magnesi nyingi hugeuka ekilojaiti, mwamba mzito kuliko koti lenyewe. Mzito ukiwa chini ya mwepesi hautulii. Unaweza kubanduka pamoja na sakafu ya bamba na kuzama. Koti la moto linapanda kujaza nafasi, na uwanda unaruka juu bila kubanwa zaidi. Puna ya Argentina iko juu kuliko Altiplano ya kaskazini yake ilhali ganda lake ni jembamba, na hapo hesabu yetu ya 0.15 inakataa katakata. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba chini yake kitu kimebanduka. Tibet nayo imeanza kulala: inabanwa kaskazini na kusini, lakini inapanuka mashariki na magharibi, na mabonde ya ufa yanayokwenda kaskazini-kusini yamefunguka katikati yake.

Ni lini nyanda hizi zilifika juu? Kwenye swali hili wataalamu wanagombana waziwazi, na ni vizuri ujue wanagombania nini. Kipimo kinachotumika sana ni oksijeni. Wingu likipanda mlima linadondosha kwanza maji yenye oksijeni-18, ile nzito, kwa hiyo mvua ya juu ina upungufu wake, wastani wa sehemu 2.8 kwa elfu kwa kila kilomita ya kupanda. Maji hayo yakitengeneza chokaa kwenye udongo au ziwa, namba inabaki imeandikwa humo. Njia hii inaharibika kwa namna tatu. Ziwa likikauka kwa jua, oksijeni nyepesi inatoroka na ziwa linajifanya liko chini kuliko lilivyo. Chokaa ikizikwa kwa kina na kupata joto, fuwele zake hujipanga upya na namba ya zamani inafutika. Na pepo zikibadili njia, mvua inatoka bahari nyingine kabisa, kwa hiyo namba inabadilika bila mlima kusogea.

Bonde la Lunpola katikati ya Tibet ni mfano mzuri wa ugomvi huo. Mwaka 2006 vipimo hivyo vya oksijeni vilisema lilikuwa juu ya mita 4,000 tangu miaka milioni 35 iliyopita. Mwaka 2019 wakatangazwa majani makubwa ya mtende kutoka bonde hilo hilo, ya umri wa miaka milioni 25 hivi. Mtende hauvumilii baridi kali, na hesabu ya hali ya hewa ikaonyesha eneo hilo halikuvuka mita 2,300. Mimi naegemea upande wa mtende kwa sehemu hiyo: milima mirefu ilikuwapo kaskazini na kusini, katikati kukawa na bonde refu la chini ambalo lilijazwa baadaye. Mvuke uliopita juu ya milima hiyo ulikwisha kupoteza oksijeni nzito kabla haujateremka bondeni, na ndiyo maana chokaa ya bondeni ikasoma urefu wa milima. Kwa Altiplano, kundi moja linasema ilipanda kwa kishindo kati ya miaka milioni 10 na 6 iliyopita, jingine linasema ilipanda taratibu kwa miaka milioni 40, na kwamba sehemu ya hicho kishindo ni hali ya hewa iliyobadilika.

Nikija kwenye milima ya kale, mbinu hizi karibu zote zinakufa. Hakuna jani wala udongo wa juu uliobaki. Lakini ile 0.15 inatusaidia tena, kwa kuigeuza. Kama kuongeza kilomita moja kunainua mita 150, basi kumomonyoa kilomita moja kunashusha mita 150 tu, kwa sababu mzizi unapanda kujaza nafasi. Ukitaka kuushusha uwanda wa mita 5,000 hadi usawa wa bahari ni lazima ukwangue kilomita 33 za mwamba. Kwa maneno mengine, uwanda wa kale uliobebwa na ganda nene unapokwisha, unaacha juu ya ardhi mwamba uliokuwa kilomita 30 na ushei chini yake. Tunasoma uwanda kwa kusoma orofa yake ya chini. Wazo hilo lilitolewa na John Dewey na Kevin Burke mwaka 1973: kwamba maeneo mapana ya miamba ya kale iliyopikwa upya ni sakafu za nyanda za aina ya Tibet zilizokwisha kukwanguliwa.

Kina kinasomwa kwenye madini. Madini ya garneti na wenzake hubadilisha muundo wake kwa kufuata mgandamizo, na kila kilobari moja, kipimo cha mgandamizo huo, ni sawa na kilomita 3.7 hivi za mwamba. Jiwe linalosoma kilobari 10 lilikuwa kilomita 37 chini. Na kama hapo lilipookotwa leo bado kuna ganda la kilomita 38 chini ya miguu, jumla ya zamani inakuwa 75. Tibet hiyo.

Usiharakishe, lakini. Hapo ndipo wengi huteleza, maana ganda la kilomita 38 lililopo leo si lazima liwe lile lile la zamani. Magma inaweza kuwa ilikuja baadaye ikajibandika chini na kuongeza unene. Pia miamba hupata nyuzi 800 bila uwanda wowote, kwa mfano chini ya mstari wa volkeno. Kwa hiyo jiwe moja na tarehe moja havitoshi. Kinachoshawishi ni eneo la mamia ya kilomita lenye joto la juu la umri ule ule, lililokaa na joto hilo kwa makumi ya miaka milioni kisha likapoa kwa nyuzi chache tu kila miaka milioni. Mlima mwembamba hauwezi kuhifadhi joto namna hiyo, uwanda unaweza. Ukikuta pia mipasuko ya kutanuka iliyoshusha vipande vya ganda la juu, vikakaa baridi kando ya miamba iliyoiva, umepata na ushahidi wa kulala kwake. Ukanda wa Grenville wa Kanada una vyote hivyo, kwenye miamba ya miaka milioni 1,090 hadi 1,020. Ulaya ya kati, kuanzia Bohemia ya Ucheki hadi milima ya Massif Central ya Ufaransa, ilikuwa na uwanda wa namna hiyo miaka milioni 340 hivi iliyopita, na leo ganda lake ni kilomita 30 tu.

Afrika Mashariki tuna wetu. Ukanda uliopewa jina la Msumbiji na Arthur Holmes mwaka 1951 unapita kutoka Msumbiji, Tanzania na Kenya kwenda kaskazini, mabaki ya mgongano wa vipande vya Gondwana, lile bara kuu la kale, kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita. Naisi, yaani miamba yenye milia iliyopikwa chini sana, za Machakos, Taita na Lukenya ni zake, na hata tsavoraiti ya Taita, lile garneti la kijani, ilipikwa humo. Granulaiti, yaani miamba iliyopikwa kwa joto kali sana chini ya ganda, za Upare, Usambara na Uluguru nchini Tanzania zinasoma kilobari 9.5 hadi 11 na nyuzi zaidi ya 800, na zilipoa taratibu mno. Kila kitu kinasema Tibet, mpaka uweke kipande chembamba chini ya darubini. Mwamba ulioiva chini ya mlima kisha ukapandishwa haraka huacha garneti iliyozungukwa na ukosi mweupe wa madini ya feldispa, kwa sababu mgandamizo ukishuka garneti inaliwa kutoka nje. Hizi za Tanzania ni kinyume: garneti changa ndiyo iliyoota kama ukosi kuzunguka madini mengine, maana yake mwamba ulipoa ukiwa bado kule chini kabisa. Watafiti walioziandika mwaka 1998 wakasema hapana, joto hili lililetwa na magma iliyojibandika chini ya ganda, si na mgongano wa mabara. Wengine wanaona mgongano ulifuata baadaye juu ya ganda lililokwisha kunenepa. Ukiniuliza, naamini ganda la maradufu lilikuwapo kwenye sehemu za ukanda huu, lakini kuuita wote "Tibet ya Afrika" kutoka mwisho hadi mwisho ni kupaka rangi moja juu ya mambo mawili.

Uwanda huo, popote ulipofika, ulikwisha kabla ya miaka milioni 300 iliyopita. Tunajua kwa sababu mawe ya changarawe ya Taru, barabara ya Mombasa kabla ya Mariakani, yenye umri huo, yamelala moja kwa moja juu ya naisi. Kilomita 35 za mwamba kwa miaka milioni 250 ni milimita 0.14 kwa mwaka, kasi ambayo mito ya kawaida inaiweza bila haraka.

Sasa Nairobi. Rudia hesabu: gawanya mita 1,700 kwa 0.15, unapata kilomita 11 za ziada, kwa hiyo ganda letu lingepaswa kuwa na kilomita 49. Majaribio ya KRISP ya miaka ya 1980 na 1990, yaliyopitisha mawimbi ya milipuko kwenye Bonde la Ufa, yalipata kilomita 35 tu chini ya Naivasha, na 20 kaskazini huko Turkana. Kwenye kingo za bonde ni zaidi kidogo, lakini 49 haifikiki. Ganda halitoshi kulipa, kwa hiyo koti ndilo linalobeba. Chini ya Kenya mawimbi ya matetemeko yanapita polepole, dalili ya koti la moto. Koti la unene wa kilomita 100 likipata nyuzi 300 za ziada linavimba kiasi cha kuinua nchi mita 900, na mkondo wa koti unaopanda kutoka kina kirefu chini ya Afrika unasukuma kiasi kingine. Hakuna bamba lililohitajika kutugonga. Uwanda wa Ethiopia ni ndugu wa huu wetu, si wa Tibet, ingawa wenyewe umeongezewa lava ya miaka milioni 30 yenye unene wa hadi kilomita mbili sehemu nyingine.

Hata tarehe tunayo. Huko Loperot, Turkana ya kusini, mwaka 1964 ilipatikana mifupa ya nyangumi wa miaka milioni 17, leo ikiwa mita 620 juu ya bahari na kilomita 740 kutoka pwani. Nyangumi hapandi maporomoko. Alipotelea mtoni nchi ikiwa karibu usawa wa bahari. Halafu kuna uwanda wa Yatta, lava iliyotiririka kilomita 300 kwenye bonde la mto miaka milioni 13.5 iliyopita. Kingo laini za bonde zilimomonyoka, na lava ngumu ikabaki juu kama tuta refu. Ili lava ya unene na unato ule ifike mbali hivyo kabla ya kuganda ilihitaji mteremko wa kiasi fulani, na ukizidisha mteremko huo kwa urefu wake unapata kwamba chanzo chake kilikuwa angalau mita 1,400 juu. Turkana si mahali pamoja na chanzo cha Yatta, kwa hiyo usiitoe namba moja kwenye nyingine moja kwa moja; lakini zinaonyesha kuinuka kulianza ndani ya kipindi hicho cha miaka milioni tatu na nusu.

Ukipata nafasi nenda Athi River, ukingo wa Lukenya. Fonolaiti ya Kapiti, aina ya lava iliyotandaa uwandani utaijua kwa fuwele nyeupe za feldispa zilizotawanyika kwenye mwamba mweusi wa kijivu. Ina umri wa miaka milioni 13 hivi. Hatua chache kutoka hapo kilima kimesimama kwa naisi, milia myeupe ya kwazi na feldispa ikipishana na myeusi ya mika, iliyopikwa zaidi ya miaka milioni 500 kabla. Kwa mpangilio wa tabaka, chini ni sakafu ya milima iliyobebwa na ganda nene, juu ni lava ya uwanda unaobebwa na koti la moto.

Kuna tofauti moja ya mwisho kati ya aina hizi mbili, nayo inapaswa kumsumbua kila anayesaka nyanda za kale. Tibet ikiisha itaacha granulaiti kwa upana wa nchi nzima. Koti la Kenya likipoa, uwanda utazama wenyewe bila kukwanguliwa kilomita 33, na hakuna garneti itakayopanda kuonyesha kwamba ulikuwapo. Utabaki mchanga mwingi kule pwani na mabaki ya lava yaliyonusurika. Kwa hiyo orodha yetu ya nyanda za kale inazipendelea zile za mgongano, na za aina ya Nairobi zilizokuwapo miaka bilioni moja iliyopita huenda zimetupita bila sisi kuzihesabu.